Shubiri Moja ya Upana

(Hotuba kwa wanafunzi watu wazima, Kirumba, Mwanza, Jumamosi asubuhi)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, mwangaluka.

Mwalimu wenu ameniomba niseme nanyi kidogo kabla hamjaanza kipindi. Nimepita nikiwasalimia, nimekuta humu kuna kina mama wanaouza dagaa Mwaloni, kuna vijana wa bodaboda, kuna fundi mwenzangu wa kuchomelea, na pale nyuma kuna babu ameniambia ana miaka 61 na anajiandaa na QT, ule mtihani wa kufuzu kabla ya kufanya mtihani wa kidato cha nne. Babu, umenipa nguvu ya kusimama hapa.

Mimi ni fundi mitumbwi. Nilimaliza darasa la saba, nikashika randa na tezo, na kwa miaka karibu ishirini hesabu zangu zilikuwa bei ya mbao, bei ya misumari na chenji. Nilianza kujifundisha hesabu na fizikia nikiwa na miaka 36. Nitawaeleza ilivyokuwa, lakini lazima nianze na mtumbwi mmoja, maana bila huo nisingefungua kitabu.

Mteja alikuwa mvuvi wa dagaa. Alitaka mtumbwi mwembamba uende kasi kwa injini ndogo. Nikamtengenezea wa mita 8 urefu, mita 1.6 upana. Niliupima kwa jicho na kwa shubiri kama nilivyofundishwa. Ulikuwa mzuri kuutazama. Usiku mmoja wa giza la mwezi walikuwa wanarudi na mzigo mkubwa, magunia yamepandana. Kijana mmoja akasimama kuvuta kamba. Mtumbwi ukalala upande, na haukuamka. Walikuwa wanne, na Mungu ni mwema, wenzao walikuwa karibu wakawaokoa wote. Nyavu, taa na dagaa vyote vilikwenda.

Asubuhi yule mvuvi alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Fundi, kwa nini mtumbwi wako ulilala?" Nikamjibu kwamba walipakia vibaya. Akaniambia jirani yake alipakia vilevile, usiku uleule, upepo uleule, akafika. Akaondoka. Nilibaki na tezo mkononi, sina la kusema.

Sisi wa mwambao huu swali hilo tunalijua kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikija hapa Mwanza, na makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wao, tunayafahamu sote. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati kule Ukara. Sitaki kueleza chanzo cha misiba ile, wapo waliopewa kazi hiyo. Ninachosema ni changu mwenyewe: mtu anayejenga chombo cha kubeba watu juu ya maji, na hajui kwa nini chombo hulala, ana deni kwa wanaopanda. Nililihisi deni hilo kifuani.

Nikaazima kitabu cha fizikia cha sekondari. Kiko kwa Kiingereza, na mimi shule yangu yote ilikuwa kwa Kiswahili. Lakini Kiingereza hakikuwa kikwazo cha kwanza. Kikwazo cha kwanza kilikuwa ukurasa wa nne, palipokuwa na herufi mbili zimewekwa juu ya mstari na herufi moja chini yake. Nilijua ni kugawanya. Sikujua nikiihamisha herufi ya chini kwenda upande wa pili inakuwaje. Nilikifunga kitabu mara tatu kwa wiki tatu. Mara ya nne nikajiuliza: kwani nilipotelea wapi? Nikarudi nyuma kwa akili, kidato sikukisoma, darasa la saba nilikuwa nakariri, la sita nilikuwa nakariri. Nilipotelea darasa la tano, kwenye sehemu.

Binti yangu mwaka ule alikuwa darasa la tano. Nikamwomba daftari lake. Jioni ile nikaandika nusu jumlisha theluthi, nikapata mbili ya tano. Nilijumlisha za juu, nikajumlisha za chini, nikaridhika. Mtoto akatazama, akasema kwa adabu kabisa: "Baba, una nusu chapati, nikikuongezea nyingine theluthi, unabaki na chini ya nusu?"

Ndugu zangu, mbili ya tano kweli ni ndogo kuliko nusu. Nilikuwa nimeongezewa chapati nikapungukiwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nabeba kanuni ya uongo kichwani, na hakuna siku mtu alinitajia chapati. Tulikaa na binti yangu hadi taa ikaishiwa chaji, tukitafuta KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, tukikata chapati za kuchora. Nusu ni tatu ya sita, theluthi ni mbili ya sita, jumla tano ya sita. Wiki iliyofuata tukaingia MAGAZIJUTO. Nilikuwa nalikumbuka neno hilo kama wimbo, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ila sikuwahi kujua linazuia nini.

Mtaniuliza, hukuona aibu kufundishwa na mtoto wako? Niliona. Ila nilimkumbuka mama. Mama yangu ni wa Ukerewe. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa moja ya wilaya zilizopewa lengo la kufuta kabisa kutojua kusoma kufikia mwisho wa 1971. Hata kabla ya hapo, tangu 1968, mikoa yetu ya Ziwa ndiyo iliyochaguliwa kwa mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, na makao yake yalikuwa hapahapa Mwanza. Mama alijifunza kusoma chini ya mwembe, mimba ya kaka yangu mkubwa ikiwa tumboni, akitumia vitabu vilivyozungumzia pamba na uvuvi, mambo aliyoyashika kwa mikono yake. Alikuwa akituambia kwamba siku ya kwanza aliyoweza kusoma jina lake kwenye karatasi ya pamba, alimsomea karani kwa sauti, na karani akampimia mzani upya. Mji huu, ndugu zangu, una historia ya watu wazima kukaa chini na kujifunza. Mtu mzima kufungua daftari la darasa la tano hapa Mwanza si jambo geni.

Sasa niseme kuhusu maneno, kwa sababu ndiyo yaliyonichelewesha kuliko hesabu zenyewe. Mtaani neno letu ni moja: nguvu. Injini ina nguvu, upepo una nguvu, chakula kinatia nguvu. Fizikia inaligawa neno hilo vipande vitatu. Kuna kani, ule msukumo au mvuto. Kuna nishati, kile kinachokuwezesha kufanya kazi. Na kuna nguvu yenyewe, yaani unaifanya kazi hiyo kwa haraka kiasi gani. Usipozitenganisha, utasoma mwaka mzima huelewi. Na neno kazi ndilo lililoniudhi kabisa. Kitabu kilisema mtu aliyesimama na gunia begani bila kutembea hafanyi kazi yoyote juu ya lile gunia. Nikasema aliyeandika hivi hajawahi kubeba gunia la dagaa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba bega linauma kwa sababu misuli yako inachoma nishati ndani yako, inajikaza na kulegea bila kuonekana. Gunia lenyewe halijapanda wala kwenda popote, kwa hiyo halijapokea chochote. Kitabu kinamfanyia hesabu gunia, hakimfanyii hesabu mbebaji. Siku nilipolielewa hilo nilitoka nje nikazunguka nyumba.

Nilitengeneza daftari la safu mbili, neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia, na chini yake mfano wangu mwenyewe. Kanieneo, yaani kani inavyogawanyika juu ya eneo: kisu butu na kisu kikali juu ya sangara. Wenzo: kasia. Sikuruhusu neno kukaa pale bila mfano.

Kuna jambo jingine lililonitokea jikoni. Kitabu kilisema maji huchemka kwenye nyuzi 100 za selsiasi. Nikaazima kipimajoto kwa mwalimu mmoja, nikaweka sufuria kwenye jiko la mkaa. Maji yakatokota vizuri kabisa, mapovu makubwa, mvuke unapanda. Kipimajoto kikasimama 96. Nikaongeza mkaa, nikapepea. 96. Nikajua kipimajoto ni kibovu, nikakirudisha. Mwalimu akaniambia kipimajoto ni kizima, kasome habari za kanieneo ya hewa. Uso wa ziwa letu uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyotukalia juu ya vichwa ni pungufu kuliko ya watu wa Dar es Salaam, inayakandamiza maji kidogo zaidi, kwa hiyo maji yanafanikiwa kuchemka mapema. Kitabu kilikuwa sahihi kwa pwani, na sufuria yangu ilikuwa sahihi kwa Mwanza. Tangu siku hiyo sijasoma namba yoyote kitabuni bila kuuliza, hii ni ya wapi na kwa masharti gani. Hilo sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na sufuria.

Kuhusu namna ya kusoma nitasema kwa kifupi, kwa sababu kila mtu ana ratiba ya nyumba yake. Mimi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, dakika arobaini, kabla ya kwenda kazini. Ukurasa mmoja, wakati mwingine nusu. Mfano uliokokotolewa kitabuni naufunika kwa karatasi, nakokotoa mwenyewe, ndipo nafunua. Nikikosea naandika kosa langu kwenye daftari la makosa, na Jumapili nayarudia makosa yote ya wiki. Video za kwenye simu nilitumia, bando lilikwenda, na nyingine ni nzuri sana. Ila jihadharini nazo. Ukimtazama mtu anavyopiga kasia kwa ustadi unahisi mikono yako imeshajua, na ukiingia majini mtumbwi unazunguka palepale. Penseli lazima iishe.

Turudi kwenye mtumbwi, maana ndio ulionileta.

Baada ya miaka miwili na miezi kadhaa nilifika mahali kitabu kinapoeleza vyombo vinavyoelea. Kanuni ya Archimedes nilikuwa nayo tayari: maji yanakisukuma chombo juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Hapo kuna jambo la pili. Mtumbwi ukiinama kidogo, ile sehemu iliyozama inabadilika umbo, na pale maji yanapousukumia juu panahama kwenda upande ulioinama. Ukichora mstari wima kutoka hapo kwenda juu, utaukata mstari wa katikati ya mtumbwi kwenye nukta moja. Nukta hiyo inaitwa metasenta. Ifikirieni kama msumari, na mtumbwi umetundikwa kwenye msumari huo kama pembea. Kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa mtumbwi pamoja na watu na mzigo unapokuwa kama umekusanyika, kikiwa chini ya msumari, mtumbwi ukiinama unarudi. Kikiwa juu ya msumari, hakuna cha kuurudisha.

Nikachukua mtumbwi wangu nikaufanya kama sanduku, ili hesabu iwe nyepesi. Upana mita 1.6, umezama sentimita 40. Urefu wa metasenta kutoka chini ya mtumbwi unapatikana hivi: nusu ya kina kilichozama, jumlisha upana kwa kipeo cha pili, yaani upana mara upana, ukigawanya kwa mara 12 ya kina hicho. Nusu ya 0.4 ni 0.2. Upana kwa kipeo cha pili ni 2.56. Mara 12 ya 0.4 ni 4.8. 2.56 gawanya kwa 4.8 ni kama 0.53. Jumla 0.73. Msumari ulikuwa sentimita 73 kutoka chini.

Sasa kumbukeni magunia yamepandana, na kijana amesimama. Kitovu cha uzito kilipanda hadi wapi? Sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini magunia yale yalikuwa yamepita usawa wa kingo, na sentimita 73 ni chini ya kiuno changu.

Nikarudia hesabu. Mzigo uleule, urefu uleule, upana niuongeze sentimita 20, shubiri moja ya mkono wangu. Mita 1.8. Mtumbwi ukiwa mpana hauzami sana, kina kinashuka hadi karibu sentimita 35.6. Nusu yake 0.18. Upana kwa kipeo cha pili 3.24, gawanya kwa mara 12 ya kina, yaani 4.27, unapata 0.76. Jumla 0.94. Msumari umepanda kutoka sentimita 73 hadi 94. Shubiri moja pembeni imenipa shubiri nzima kwenda juu.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha nikataka kujua kwa nini ni kubwa hivyo, nikaona kwamba kwa mzigo uleule, sehemu ile kubwa ya hesabu inakua kwa kipeo cha tatu cha upana. 1.8 gawanya kwa 1.6 ni tisa ya nane. Tisa ya nane mara tisa ya nane mara tisa ya nane ni 729 ya 512, yaani ongezeko la asilimia 42. Upana umeongezeka kwa moja ya nane tu. Na hizo, ndugu zangu, ni sehemu. Ni zilezile za darasa la tano, za chapati. Bila binti yangu kunisahihisha jioni ile nisingevuka hapo.

Sisemi sasa kila mtumbwi uwe mpana. Upana unakula mbao, unapunguza kasi, na chombo kipana kupita kiasi kinaamka kwa kishindo mpaka kinarusha watu. Na jambo lililonigusa zaidi ni kwamba fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kuuyumbisha mtumbwi mpya pale ufukweni kisha anautazama kimya unavyorudi. Ukichelewa kuamka alisema, "Huu mvivu, usiupe watu wengi." Sikuelewa. Nimekuja kukuta kitabuni kwamba muda wa kuyumba unapokuwa mrefu, kitovu cha uzito kinakuwa kimeikaribia metasenta. Mzee alikuwa anapima kile kile. Hakuniachia hesabu yake kwa sababu hakuwa nayo kwa maandishi, na mimi sikuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu mwanafunzi wangu wa ufundi sasa namwandikisha kila kitu.

Yule mvuvi nilimfuata nyumbani kwake. Nilimchorea kwenye mchanga, nikamwambia, mtumbwi ulilala kwa sababu mimi niliupa upana mdogo na ninyi mkaupa mzigo wa juu, na upana ulikuwa kazi yangu. Alinitazama, akaniambia nikae tunywe chai. Mtumbwi aliopanda mwaka uliofuata niliutengeneza mimi, na sehemu yangu ya ujira sikuichukua.

Msidhani sayansi imefanywa na wasomi wakubwa tu. Erasto Mpemba alikuwa kijana wa kidato cha tatu hapa Tanzania mwaka 1963, wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa, akaweka yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yaliyopoa. Akauliza, wakamcheka. Hakuacha kuuliza mpaka akampata Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana jambo lile hutokea lini na kwa nini, na jina linalotumika dunia nzima ni la Mpemba. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa maziwa.

Na Thomas Simpson wa Uingereza, aliyezaliwa 1710, alikuwa mfumaji wa nguo, mtoto wa mfumaji. Alipatwa na hamu baada ya kupatwa kwa jua mwaka 1724, akajifundisha hesabu mwenyewe pembeni ya kitanda cha kufumia, na mwaka 1743 akawa mwalimu wa hesabu kwenye chuo cha kijeshi cha Woolwich. Namtaja yeye kwa sababu wajenzi wa meli wanaitumia mpaka leo kanuni inayobeba jina lake, na mimi naihitaji. Mtumbwi si sanduku. Una ncha, una tumbo. Ili nipate eneo la kweli la pale unapokata uso wa maji, napima upana sehemu tano zenye nafasi sawa. Upana wa kwanza nauchukua mara moja, wa pili mara nne, wa tatu mara mbili, wa nne mara nne, wa tano mara moja. Najumlisha yote, nazidisha kwa nafasi kati ya vipimo, nagawanya kwa tatu.

Mtumbwi nilionao ufukweni wiki hii nimeupima jana jioni. Urefu kwenye usawa wa maji ni mita 8, kwa hiyo nafasi kati ya vipimo ni mita 2. Upana kuanzia mbele ni 0, 1.4, 1.8, 1.5, na nyuma pale pa kufunga injini 0.6. Mwalimu amenikubalia dakika kumi zilizobaki. Penseli ziko kwenye boksi pale mezani, babu uchukue ya kwanza. Tafuteni eneo hilo, nami nitaifanya hesabu hiyo ubaoni nikiwapa mgongo, nisitazame karatasi zenu, kisha tulinganishe.